Namna ya kuisoma historia ya ardhi ya kwenu ujue viumbe wamekwenda wapi: mwongozo wa watu wa Malindi, Gede na Magarini

Ukitaka kujua hali ya wanyama na miti ya kwenu, usianze na kuhesabu ndege. Anza na ardhi. Kichaka unachokiona leo pale Jilore au kule Marafa kina umri wake, kimepitiwa na panga na jembe na moto, na yule ndege unayemkuta hapo, au usiyemkuta, anafuata hayo yaliyofanyika pengine miaka 60 nyuma kabla hujazaliwa. Vichaka viwili vyaweza kuwa vimepakana, vyote kijani, kimoja kimejaa uhai kingine ni majani tu, na hutaelewa kwa nini mpaka ujue kila kimoja kilifanywa nini na lini.

Nawaandikia vijana wa vikundi, walimu wenye klabu za mazingira, watu wa CFA (vyama vya wananchi vinavyoshiriki kusimamia misitu), na yeyote anayeishi kati ya Mida na mto Sabaki au ng'ambo huko Magarini. Digrii haihitajiki. Mnahitaji simu, daftari, kamba ya mita 20, tepu ya fundi nguo ya kupimia unene wa miti, na watu wazima wa kuzungumza nao.

Chagueni eneo zima, msitu peke yake hautoshi

Chukueni ramani mchore mraba wa kama kilomita 5 kwa 5. Hakikisheni ndani yake mna msitu, mashamba, kijiji, barabara na maji ya aina yoyote, hata kama ni dimbwi la msimu linalokauka mwezi wa Januari. Nasisitiza hilo dimbwi kwa sababu viumbe wengi wa kwetu hawaishi mahali pamoja mwaka mzima. Mchukue mnana wa Clarke, ndege ambaye dunia nzima anapatikana kaunti ya Kilifi tu, Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha. Watu walimjua miaka na miaka akila juu kwenye miti ya mirihi, lakini wapi anataga mayai hakuna aliyejua mpaka 2013, ndipo viota vikaonekana Dakatcha kwenye vinamasi vya msimu vyenye majani marefu. Sasa piga picha mwenyewe: mirihi yote ibaki imesimama, hata tawi lisikatwe, halafu yale madimbwi yalimwe au yageuzwe malisho. Ukihesabu miti utasema msitu uko salama, na huku ndege anaisha. Ndiyo maana nasema mraba mzima.

Jambo la pili kabla hamjatoka: jueni msitu wenu ni wa aina gani, kwa sababu "msitu" ni neno pana sana. Arabuko-Sokoke ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 420 na ndiyo kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki, lakini ndani yake ni kama misitu mitatu. Upande wa mashariki, ambako mvua inafika milimita 1,000 hivi kwa mwaka, kuna msitu wa mchanganyiko, miti kama mbambakofi na wenzake. Katikati kwenye mchanga mweupe usio na rutuba kuna mirihi iliyoachana achana, unaona mbali. Upande wa magharibi kwenye udongo mwekundu, mvua ikishuka mpaka kama 600, kuna miti ya mfunda iliyosongamana, na huko ndiko anakaa yule bundi mdogo wa Sokoke ambaye sayansi ilimjua miaka ya 1960 tu. Huyo bundi huwezi kumhamishia kwenye mirihi. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumepoteza hekta mia" muulize hekta mia za nini, maana hekta mia za mfunda na hekta mia za mirihi zina wakazi tofauti.

Kaeni na wazee, na muulize maswali yenye miguu

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi. Vijana huenda na karatasi wakauliza "mzee, zamani msitu ulikuwa mkubwa?" na mzee kwa adabu atasema ndiyo, ulikuwa mkubwa sana, mwisho wa maneno. Hamjapata kitu. Muulizeni vitu alivyovifanya kwa mikono yake. Boriti za nyumba hii ulikata wapi? Ulipooa, mahari ilikuwa na asali, ile asali ilitoka mti gani na upande gani? Ulipokuwa mdogo ukichunga mbuzi mlikatazwa kupita wapi na kwa sababu ya mnyama gani? Kina mama waulizwe kuni: ulikuwa unatembea mpaka wapi, na unarudi jua likiwa wapi, na mti gani mlikuwa hamchukui kwa sababu una moshi mbaya na leo mnauchukua. Hilo la mwisho linakwambia mengi kuliko picha yoyote ya setilaiti, kwa sababu mtu akianza kupikia mti aliokuwa akiukataa basi ile mizuri imekwisha.

Nendeni kwa heshima yake. Kwa Wagiriama mwite tsawe au hawe kama umri wake ni wa babu na bibi yako, kwa Waswahili wa mjini toa shikamoo ukae chini kwanza, msianze na simu mkononi. Ombeni ruhusa ya kurekodi. Na mkikutana na mtu aliyekuwa mwindaji, msiandike jina lake popote, uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977 na nyinyi mnataka kumbukumbu zake, hamtaki kumtia matatani.

Tarehe wazee wengi hawazishiki kwa namba, wanazishika kwa matukio, basi andaeni orodha ya matukio mnayojua mwaka wake. Vita vya Wagiriama na Waingereza wakati wa Mekatilili, yule mama aliyewaongoza kupinga, ni 1914, na ndipo watu walipofukuzwa kutoka upande wa kaskazini wa Sabaki na mashamba yao yakaachwa. Mafuriko makubwa ni 1961. Uhuru 1963. Ukame mkali 1984. El Niño 1997 kuingia 1998. Mzee akisema "tulifyeka hapa mwaka mmoja baada ya Uhuru, tukalima mahindi misimu mitatu tukaacha" tayari una umri wa kile kichaka.

Na msiishie kwa mzee mmoja. Ongeeni na mtu wa miaka 80, wa 50 na wa 25 kwenye boma hilohilo. Mtaona kila mmoja anahesabu hali ya kawaida ni ile aliyoikuta utotoni mwake. Wa 25 atakwambia hapa hapajawahi kuwa na ndege hondohondo, na babu yake amekaa pembeni anashangaa. Hiyo tofauti iandikeni kama ilivyo, msiisawazishe.

Historia ya nyuma zaidi ya wazee

Kuna mambo hata mzee hawezi kuyakumbuka na bado yako ardhini. Malindi ya karne ya 19 ilikuwa ghala la nafaka la pwani nzima, mtama na ufuta kwenye mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa, nafaka inapakiwa majahazini. Utumwa ulipofutwa kisheria 1907 mengi ya mashamba hayo yalikosa watu, mengine yakarudi kichaka, mengine yakaingiwa na walimaji wadogo na minazi na mikorosho na miembe. Yaani pale unapodhani ni pori la tangu enzi, pengine ni shamba la mtama la miaka 150 iliyopita.

Mfano mzuri kuliko wote uko Gede. Mji mzima, misikiti, kasri, visima, watu wakauhama karne ya 17 na msitu ukaingia ndani ya kuta. Leo ukienda unakuta miti mikubwa imekaa juu ya mabaki ya nyumba, kima wanapita, na hata sengi, yule mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye kiuno cha dhahabu, yumo. Kwa hiyo msitu unaweza kurudi, na mimi nashika hilo kwa mikono miwili kila nikisikia mtu amekata tamaa. Lakini angalia masharti yake. Umerudi kwa muda wa karne kadhaa, sio kwa mradi wa miaka mitatu. Umerudi kwa sababu jirani yake palikuwa na msitu wa kutoa mbegu na wanyama. Na uliorudi si ule wa mrihi wala wa mfunda, ni msitu wa juu ya mawe ya matumbawe na una wakazi wake. Siku hizi pia kuna mwarobaini umeingia, ndege na nyani wanakula matunda yake wanatupa mbegu, na ukishashika mahali miche ya asili inapata tabu kuinuka chini yake.

Kaya nazo, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ni somo la upande wa pili. Hizi hazikuacha kuwa msitu kwa sababu wazee walizikinga kwa imani na kwa sheria zao, na 2008 UNESCO ikaziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ni vipande vidogo, lakini ni vya zamani kwelikweli, na mna mimea ambayo nje imekwisha. Kama kuna kaya kwenye mraba wenu, msiingie na kamba na tepu bila ruhusa ya wazee wa kaya, na wakisema hapana basi ni hapana, hesabuni kutoka nje.

Picha za setilaiti: tumieni, lakini msiziamini peke yake

Setilaiti za Landsat zilianza 1972 na picha zake ni za bure tangu 2008, za miaka ya themanini kuja mbele kila doa la picha ni mita 30 za ardhi kwa upande. Sentinel-2 ilianza 2015 na doa lake ni mita 10. Kama hamna laptopu, Google Earth yenyewe ina sehemu ya kurudisha miaka nyuma mpaka 1984 na simu ya kawaida inaifungua ikiwa bando lipo. Kwa miaka ya kabla ya hapo tafuteni ramani za zamani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000, zinaonyesha kichaka, msitu na mashamba yalivyokuwa wakati huo.

Linganisheni mwezi na mwezi wake. Ukichukua Februari ya kiangazi ukaiweka na Juni baada ya mvua za mwaka (masika), utaona msitu "umeongezeka" na hakuna kilichoongezeka ila majani. Mirihi ndiyo inadanganya zaidi, inapukutisha na ikichipua majani machanga ni mekundu.

Halafu kuna makosa mawili ambayo setilaiti inayafanya pwani hii kila siku. La kwanza, shamba la zamani la mikorosho na miembe linaonekana msitu. Lina kivuli, lina kijani, na kwa ndege wengine lina faida kweli, silidharau, lakini sengi hataishi humo ikiwa chini pamefagiliwa. La pili ni baya zaidi: msitu unaweza kuibiwa kutoka ndani bila kuonekana juu. Muhuhu ulikatwa miaka na miaka kwa ajili ya vinyago, mti mmoja mmoja, uliochaguliwa, na kilele cha msitu kikajifunga tena juu ya pengo. Setilaiti inasema msitu upo. Ukiingia chini unakuta visiki.

Sasa ingieni kwa miguu

Gawanyeni mraba wenu kwa historia, sio kwa sura. Kwa mfano: msitu ambao hakuna mzee anayekumbuka ukilimwa; msitu usiolimwa lakini uliokatwa miti mikubwa; kichaka cha shamba lililoachwa kabla ya Uhuru; kichaka cha baada ya El Niño; shamba lenye miti; shamba wazi la mahindi au mananasi; pwani ikiwa mna mikoko au mashamba ya chumvi kama yale ya Gongoni mpaka Kurawa. Kila kundi wekeni vituo vilevile kwa idadi, hata vitatu vitatu, na mtumie muda uleule kila kituo. Mkikaa msituni saa mbili na shambani dakika kumi kwa sababu jua linachoma, hesabu yenu haina maana.

Ndani ya hifadhi pateni ruhusa ya KFS, shirika la misitu la Kenya, na muende na askari wa msitu, ndovu wapo na hawabishi hodi.

Kwa ndege: fikeni saa kumi na mbili asubuhi, malizeni kabla ya saa tatu na nusu. Simama kituoni, subiri kidogo ndege watulie na wakuzoee, kisha dakika kumi andika kila unayemuona na kumsikia. Usiyemjua rekodi sauti yake kwa simu. Kuna Kenya Bird Map na eBird na iNaturalist za kutuma mlichokiona, na wajuzi watawasaidia majina.

Kwa miti: kamba ya mita 20, mraba wa 20 kwa 20, kila mti unaozidi unene wa mkono unapimwa na unaandikwa jina, la Kigiriama linatosha kabisa. Hesabuni na visiki. Kisiki kinasema mengi ukikiinamia. Kama uso wake umelala bapa na una mistari myembamba, ni msumeno. Kama umechongoka pande mbili na vipande vimetapakaa, ni shoka au panga. Kama ni cheusi na nyasi hazijarudi kwenye duara pembeni yake, palikuwa na tanuri la makaa. Tazama kama kimechipua. Mrihi uliokatwa juu ya ardhi unatoa machipukizi mengi na ukiachwa unarudi, ila ukishang'olewa mizizi kupisha jembe huo hauna safari ya kurudi karibuni. Hii tofauti, kukatwa na kung'olewa, ndiyo inayoamua kama kichaka cha miaka 30 kina mirihi au hakina, na wazee wanaikumbuka.

Kwa mnyama, kama hamna kamera za kutega, mimi nawaambia mtafute sengi. Asilimia kubwa ya waliobaki duniani wako Arabuko-Sokoke na ni mnyama wa mchana, sio wa kuviziwa usiku. Yeye mwenyewe ni mwepesi, utasikia mkia unapiga majani tu na keshapotea. Tafuteni viota. Kiota chake ni lundo la majani makavu juu ya ardhi, upana wa kama mita moja, kikiwa kipya kimevimba katikati na majani yake yana rangi ya unyevunyevu tofauti na yaliyotandazwa pembeni. Kikizeeka kinalala bapa. Mmoja anakuwa na viota kadhaa, kwa hiyo msiseme viota kumi ni sengi kumi. Tembeeni mstari wa mita 500 polepole, watu wawili, mmoja kushoto mmoja kulia, mwandike viota vipya peke yake. Sengi anahitaji zulia la majani maana ndani yake ndimo anachimbua wadudu na humohumo anajenga. Basi pimeni na zulia lenyewe: tumbukiza kijiti mpaka kiguse udongo, soma sentimita, mara ishirini kila kituo. Mtashangaa. Msitu wa zamani usiookotwa kuni una majani yanayozama kidole, na kile kichaka cha jirani chenye kijani kilekile kina mchanga mtupu chini. Mkiona mitego ya kamba au waya, andikeni mahali na mumwambie askari mliyenaye.

Kuelewa mlichokipata

Hapa ndipo watu wanapotea, basi nakaa kidogo.

Mtego wa kwanza ni idadi. Kichaka kilichokatwakatwa mara nyingi kina aina nyingi za ndege kuliko msitu mzima, ni kweli kabisa, msishtuke. Mwanga umeingia, nyasi zimeota, ndege wa mashambani wanakuja na wachache wa msituni bado wapo. Mtu wa haraka ataandika "kukata miti kumeongeza viumbe". Angalieni majina. Tengeni orodha mbili, wanaoishi popote na wasioishi ila msituni. Mkipata kunguru wa Bara Hindi na shorewanda na mbayuwayu badala ya yule bundi, mmebadilishana vitu ambavyo havilingani, kwa sababu wale watatu wako Mombasa, wako Lamu, wako kila mahali, na bundi akitoka hapa ana sehemu chache mno za kwenda. Ukitazama kijiji kimoja namba inapanda, na ukitazama pwani yote namba inashuka, maana kila kijiji kimekuwa na orodha ileile.

Mtego wa pili ni wakati. Viumbe hawatoki siku mti unapoangushwa. Mbambakofi wa miaka mingi ataendelea kusimama katikati ya shamba, hondohondo atataga kwenye tundu lake, na utasema hakuna neno, tunaishi pamoja. Lakini tazama chini yake: mche wake uko wapi? Mbegu zile nyeusi zenye kofia nyekundu zinaanguka zinapaliliwa na mahindi. Siku ule mti ukifa kwa uzee hakuna mrithi, na tundu hakuna, na hondohondo hakuna. Ni kama mkopo wa dukani, bidhaa ulichukua zamani na daftari linafunguliwa baadaye, na anayelipa ni mjukuu. Kwa hiyo unapohesabu leo, jiulize hawa waliopo wako hapa kwa sababu eneo linawafaa, au ni mabaki ya eneo lililokuwa linawafaa? Njia rahisi ya kujua: watafute watoto wao. Miche, mayai, makinda. Kukiwa na wazee tu bila watoto, deni halijalipwa.

Habari njema ni kwamba huo ucheleweshaji ndio nafasi yenu. Mti mkubwa ungalipo, mbegu zipo, deni linaweza kufutwa kabla halijadaiwa.

Mtego wa tatu ni vipande. Kanuni ya jumla wanayoitumia wanaikolojia ni kwamba msitu ukipungua mpaka kubaki sehemu ya kumi, unategemea kupoteza karibu nusu ya aina za viumbe wake, na misitu ya pwani ya Afrika Mashariki ndipo ilipofika hapo, takriban asilimia 10 ya ile ya asili. Lakini hiyo ni hesabu ya ukubwa tu. Hekta 50 zilizo kipande kimoja na hekta 50 zilizo vipande kumi si sawa, kwa sababu kila kipande kina ukingo, na ukingoni upepo unakausha, mwarobaini unaingia, mbuzi wanaingia, panga linaingia. Na kuvuka kutoka kipande kimoja hadi kingine kunategemea kilicho katikati. Shamba la minazi na mikorosho na ua wa vichaka ndege anavuka. Shamba la mananasi lililofyekwa wazi, kama yanavyopanuka kule Dakatcha pamoja na makaa, viumbe wengi wa msituni hawavuki. Simlaumu mkulima, nanasi linalipa karo. Nasema mstari wa miti ulioachwa katikati ya mananasi unafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, na haumnyimi mkulima sehemu kubwa.

Na msisahau mto. Mabadiliko ya ardhi hayaishii kwenye mipaka ya mraba wenu. Kila mvua ikinyesha bara, Sabaki inaleta udongo na bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai ya maziwa, mnaijua. Wanasayansi walitoboa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, likiwa na tabaka zake mwaka baada ya mwaka, wakapima dalili za udongo wa mto ndani yake. Tabaka za miaka ya 1700 na 1800 zimetulia, halafu kuanzia mwanzo wa karne ya 20 udongo unapanda, wakati ukulima unasambaa huko juu. Yaani mtu alifyeka mlima mamia ya kilomita kutoka hapa na matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari, ambayo ilitangazwa 1968 na ni kati ya za kwanza za aina yake Kenya, yakaandika. Kama mraba wenu unagusa pwani, ulizeni wavuvi majani ya bahari yalikuwa mpaka wapi, na muandike kwenye daftari lilelile la msitu.

Mkishamaliza mfanye nini nayo

Chora ramani moja kubwa kwa mkono, rangi kwa umri wa ardhi, na juu yake weka viumbe mliowakuta. Ipelekeni kwenye mkutano wa CFA au baraza la chifu, itandikeni chini watu waizunguke, waisahihishe. Watabishana, na mabishano yale ndiyo yanaleta habari ambazo hamkuzipata bomani. Sheria ya misitu ya 2016 inawapa wananchi nafasi ya kushiriki usimamizi kupitia CFA, na kikundi chenye ramani yake yenyewe husikilizwa tofauti na kikundi chenye malalamiko.

Kwenye ramani tafuteni mambo matatu tu. Mti mkubwa uliobaki peke yake: ongeeni na mwenye shamba aache eneo dogo lisilopaliliwa chini yake. Pengo jembamba kati ya vipande viwili: hapo ndipo pa kupanda, sio popote mlipopewa miche, na mpande miti ya udongo ule, mrihi kwenye mchanga mweupe, mbambakofi mashariki, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo Gede, waulizeni mbegu. Na dimbwi la msimu: hilo lilindwe kabla ya kitu kingine chochote, maana likishalimwa msimu mmoja mwenye kulima anahesabu ni lake. Penye watu wanaotegemea makaa, pelekeni na njia ya kipato, mizinga ya nyuki au ufugaji wa vipepeo kama ule wa Kipepeo hapo Gede ulioanza 1993, ambao unamlipa mtu kwa sababu msitu umesimama.

Mahali penye muhuhu uliobaki, viota vya mnana wa Clarke au tundu la bundi, msiweke mtandaoni. Hizo zikae kwenye daftari la kikundi.

Pigeni picha kila kituo kuelekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, andikeni namba za GPS, na muweke nakala moja shuleni na nyingine kwa mtu wa kikundi ambaye hatahama. Rudieni baada ya miaka mitano, mwezi uleule, vituo vilevile, na safari hiyo mchukue vijana ambao leo wako darasa la nne, muwafundishe kuhesabu viota vya sengi kabla hamjawapa daftari.